Mota imekata au betri imechoka? Kutafuta tatizo kwenye ndege ya umeme ya rimoti

Mota ikizima hewani, karibu kila mtu huanza kwa kuilaumu mota, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele na ndiyo iliyonyamaza. Lakini mota isiyo na brashi ni sumaku, chuma na waya wa shaba. Kinacholika ndani yake ni beringi tu. Vinavyochoka, kulegea na kuungua mara nyingi viko nyuma yake: betri, plagi, lehemu, na kile kidhibiti mwendo ambacho wengi wetu tunakiita ESC. Kwa hiyo mimi huanzia kwenye betri nikielekea mbele kwenye propela. Na nikibadilisha kitu, nabadilisha kimoja tu, kisha najaribu tena. Ukibadilisha betri, propela na ESC siku moja na ndege ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi, na tatizo likirudi utakuwa umerudi mwanzo.

Kabla ya kugusa chochote, vua propela. ESC yenye hitilafu inaweza kuiwasha mota bila wewe kugusa kijiti, na propela ya inchi 10 inayozunguka mara elfu nane kwa dakika hukata kidole mpaka mfupani. Vipimo vichache vinahitaji propela iwepo. Kwa vipimo hivyo, ndege ifungwe au mtu aishike imara kutoka nyuma, na asiwepo anayesimama ubavuni, usawa wa propela inapozunguka.

Vifaa ni vichache: maltimita, kipima seli kidogo kinachochomekwa kwenye plagi nyeupe ya betri, na kipima wati kinachokaa kati ya betri na ESC. Kama unaweza kununua kimoja tu kati ya hivyo, nunua kipima wati. Sababu utaiona mbele.

Imekufa kabisa: hakuna mlio, hakuna taa

Pima volti kwenye plagi kubwa ya betri. Betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli 3 iliyojaa inasoma 12.6, yaani 4.20 kwa kila seli. Ukisoma sifuri huku plagi nyeupe ikionyesha seli zote nzima, waya mnene umeng'oka ndani ya plagi au lehemu yake imeachia. Usifungue waya zote mbili kwa pamoja kuikarabati. Ncha zikigusana ni shoti, na lipo ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea papo hapo. Shughulika na waya mmoja, ufunike, ndipo uende kwa mwingine.

Betri ikiwa nzima, angalia kama ule waya mwembamba wa nyuzi tatu kutoka ESC umechomekwa kwenye risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti, kwa upande sahihi na kwenye chaneli ya kasi. Kosa hili hutokea hata kwa mtu wa miaka mingi, hasa baada ya kuhamisha risiva kutoka ndege moja kwenda nyingine. Kama umeme unaingia ESC na risiva haiwaki, chomeka betri ndogo ya volti 5 moja kwa moja kwenye risiva. Risiva ikiwaka, umeshajua kwamba sehemu ya ESC inayolisha risiva, ile inayoitwa BEC, ndiyo iliyokufa.

Inalia lakini haizunguki

Hapa sikiliza vizuri, maana ESC inazungumza. Inapowashwa, nyingi hulia idadi ya seli ilizohesabu, kisha mlio mrefu wa kusema niko tayari. Mlio wa haraka usiokoma, ambao haufuatiwi na ule mrefu, kwa kawaida maana yake ESC inaona kijiti cha kasi hakiko chini kabisa. Inakataa kuwaka, na inafanya hivyo kwa usalama wako.

Mara nyingi dawa iko kwenye rimoti: shusha kitelezi kidogo cha kurekebisha kasi mpaka chini. Isiposaidia, ifundishe ESC mipaka ya kijiti upya. Propela ikiwa imevuliwa, washa rimoti kijiti kikiwa juu kabisa, chomeka betri, ngoja milio miwili, shusha kijiti mpaka chini, ngoja mlio wa kukubali. Mpangilio wa milio hutofautiana, kwa hiyo fuata karatasi ya ESC yako. Kwenye rimoti za Futaba, chaneli ya kasi kwa kawaida inatakiwa igeuzwe kwanza. Usipoigeuza, chini kwako ni juu kwa ESC, na hapo utaelewa kwa nini nimesema vua propela.

Kama milio yote ni sahihi, kijiti kinapanda, na mota haitikisiki hata kidogo, shuku nyaya za mota. Zikikatika mbili kati ya tatu, mota inakaa kimya. Ukikatika mmoja, ndipo tunaingia kwenye tatizo linalofuata.

Inatetemeka badala ya kuzunguka, au inazunguka kwa kukwaruza

Nalipenda tatizo hili kwa sababu linakubali kupimwa kwa mkono mtupu. Mota ina nyaya tatu, fezi tatu, na inazihitaji zote. Moja ikikosekana, inacheza mbele na nyuma kama mtu aliyekosa pa kushika, na ukiiacha hivyo kwa sekunde kadhaa inaunguza ESC.

Chomoa mota kutoka kwenye ESC. Izungushe kwa vidole nyaya zake zikiwa huru: utahisi vishindo vidogo vya sumaku, vinavyolingana. Sasa gusanisha ncha za nyaya mbili na uizungushe tena. Inakuwa nzito, kama inazunguka ndani ya asali, kwa sababu umeme inaouzalisha unaishika breki. Rudia kwa jozi ya pili, na ya tatu. Jozi zote tatu zinatakiwa ziwe nzito sawasawa. Ukipata jozi mbili nyepesi na moja nzito, waya ulio kwenye jozi zote mbili nyepesi ndio uliokatika. Na kama mota ni nzito hata nyaya zikiwa huru kabisa, koili zimegusana ndani. Mara nyingi utanusa harufu ya vanishi iliyoungua. Hiyo ni mota ya kuachana nayo, au ya kusukwa upya na mwenye subira.

Maltimita hapa haisaidii sana. Ukinzani wa fezi ya mota ni sehemu ndogo mno ya omu, na maltimita ya kawaida itakuonyesha karibu sifuri kwenye jozi zote, nzima na mbovu ya nusu. Itumie kwa jambo moja: kuhakikisha hakuna njia ya umeme kati ya waya wowote wa mota na mwili wake wa chuma. Ukiona njia, fungua skrubu zilizoishika mota kwenye ndege na uzipime urefu. Skrubu iliyozidi hata milimita mbili huingia mpaka kwenye koili, ikakwangua vanishi, na siku moja ikapiga shoti. Nimeiona ndege mpya kabisa ikitoa moshi sekunde chache baada ya kuwashwa kwa sababu hiyo tu. Aliyeijenga alikosa skrubu zilizokuja na mota akatumia alizokuwa nazo.

Lakini iliyonisumbua kuliko zote ilikuwa ya lehemu. Nilifupisha nyaya za mota ili zikae vizuri puani, nikalehemu upya zile plagi zenye umbo la risasi ya bunduki, za milimita 3.5. Mezani bila propela ilizunguka kwa sauti safi toka chini mpaka juu. Nikaweka propela, ikazunguka vizuri mpaka nusu ya kijiti, kisha ikapiga kelele kama bati linalokwaruzwa na kusimama. Nikabadilisha ESC. Hali ileile. Nikabadilisha betri. Vilevile. Nilipochana ule mpira wa kubana kwa joto, lehemu ilionekana nzuri kwa nje, imejaa, lakini rangi yake ilikuwa ya kijivu iliyofifia, na nilipovuta waya kwa nguvu ulitoka wote na kuacha shimo safi ndani ya plagi. Nyuzi nyembamba za mota zilikuwa bado na vanishi yake, na lehemu haishiki kwenye vanishi. Ni nyuzi chache za nje tu zilizokuwa zimegusa. Ampea tano zilipita, ishirini hazikupita.

Kwa hiyo ukikata waya wa mota ambao ni koili yenyewe iliyotoka nje, kwangua kila uzi kwa wembe au uuchome mpaka vanishi iondoke, kisha upake lehemu peke yake kabla ya kuuingiza kwenye plagi. Lehemu nzuri inang'aa na imetambaa kwenye nyuzi. Mbaya imekaa juu kama tone la maji kwenye jani la mgomba. Lehemu isiyo na madini ya risasi huwa haing'ai sana hata ikiwa nzuri, kwa hiyo hiyo ipime kwa kuivuta.

Kumbuka pia dalili iliyonipotosha: nzima bila propela, mbovu ukiweka propela. Maana yake hitilafu inajitokeza ampea zinapopanda. Waya uliokatika kabisa hausubiri propela.

Ikiwa nyaya zote ni nzima na mota bado inakwaruza unapopandisha kijiti kwa ghafla, huenda ESC inapoteza hesabu ya mahali sumaku zilipo. Hilo hutokea zaidi kwa propela kubwa na nzito, na kwa mota yenye sumaku nyingi. Kwenye mipangilio ya ESC pandisha kidogo zile digrii za kutanguliza umeme, zinazoitwa timing, kutoka chini kwenda kati, na ufanye kuanza kwake kuwe laini. Mota inayozunguka kinyume haina ugonjwa: badilishana nyaya zozote mbili kati ya tatu.

Nguvu inakatika hewani, ukitua betri inasoma vizuri

Hili ndilo linalowachanganya wengi, na ndilo lililonifundisha kutoiamini betri iliyopumzika. Umeruka dakika tatu, mota inaanza kukata na kurudi, unatua kwa shida. Unapima: 3.8 kwa seli. Unasema betri ina nusu yake, kwa hiyo tatizo ni ESC.

Angalia kinachotokea ndani. Kila seli ina ukinzani wake wa ndani. Tuseme ni miliomu 5 kwa seli ya betri changa ya mAh (miliampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri) 2200. Ukivuta ampea 30, seli inapoteza volti 0.15. Ile 3.8 inakuwa 3.65, na hakuna neno. Betri hiyohiyo ikizeeka, ukinzani ukafika miliomu 20, ampea zilezile 30 zinashusha volti 0.6. Ile 3.8 inakuwa 3.2 pale tu unapopandisha kijiti, na ESC nyingi zimewekwa kukata kati ya 3.0 na 3.2. ESC imefanya kazi yake. Ukishusha kijiti, volti inapanda, mota inarudi. Ukipandisha, inakata tena. Ukitua na kupima, seli imeshapumzika na inakuonyesha 3.8 yake.

Ndiyo maana nasema nunua kipima wati. Kiweke kati ya betri na ESC, ndege ikiwa imefungwa na propela iko mahali pake, pandisha kijiti mpaka juu kwa sekunde tano na usome volti ikiwa chini ya mzigo. Betri iliyojaa ya seli 3 ikianguka kutoka 12.6 mpaka chini ya 10.5 kwa mzigo ambao mwaka jana iliubeba kwa 11.3, imezeeka, hata kama haijavimba. Fanya hivyo kila betri ikiwa mpya na uandike namba kwenye kipande cha karatasi ubandike juu yake. Bila namba ya mwanzo huna cha kulinganisha.

Kisha chomeka kipima seli huku kijiti kiko juu. Wakati mwingine jumla inaonekana si mbaya, lakini seli moja imezama mpaka 2.9 na nyingine mbili ziko 3.5. ESC inayoangalia jumla haioni hilo, ila seli ile inauawa kidogo kidogo kila safari. Tofauti ya volti 0.01 au 0.02 kati ya seli ni ya kawaida. Ikifika 0.1 baada ya kutua, ifuatilie kwa karibu. Ikikua kila wiki, betri hiyo isirushwe tena kwenye ndege unayoipenda.

Kabla ya kuihukumu betri, ondoa sababu mbili. Ya kwanza ni baridi. Lipo ikiwa chini ya nyuzi 10 ukinzani wake unapanda, na betri nzuri inaanza kufanana na mbovu. Iweke ndani ya koti mpaka iwe vuguvugu, kisha upime upya. Ya pili ni plagi. Baada ya safari gusa plagi kubwa mara tu unapotua. Plagi ikiwa na joto kuliko betri yenyewe, ina ukinzani: pini zimelegea, zimechimbika kwa cheche za kuchomekea, au lehemu yake ni mbovu. Plagi mpya, kama ile ya aina ya XT60, ni nafuu sana kuliko ndege.

Kuna jambo la kuhesabu seli pia, ambalo halisemwi vya kutosha. ESC nyingi hukisia idadi ya seli kwa kuangalia jumla ya volti inapowashwa. Betri ya seli 4 iliyobaki 3.2 kwa seli inasoma 12.8, na ESC inaweza kuiona kama ya seli 3 iliyojaa. Itaweka kikomo chake cha kukata karibu na 9.3, ambayo kwa seli zako 4 ni 2.3 kila moja. Haitakata mpaka betri ife. Ndiyo sababu kuchomeka betri iliyotumika ili umalizie kidogo ni jambo baya, na ndiyo sababu ni bora kuiwekea ESC idadi ya seli kwa mkono ikiwa inakubali.

Na usitegemee ESC ikuambie utue. Weka saa kwenye rimoti. Ukirudisha betri kwenye chaja, angalia imepokea mAh ngapi: kwa betri ya 2200 isizidi 1760 hivi, yaani asilimia 80. Ikipokea 2000, punguza saa kwa nusu dakika au zaidi.

Inazunguka vizuri lakini ndege haina nguvu

Kwanza geuza macho kwenye propela. Imewekwa kinyume? Upande wenye namba na maandishi unatazama mbele, ndege inakoelekea, hata kama mota iko nyuma ya bawa. Propela iliyogeuzwa bado inavuta, lakini vibaya, na ndege inapaa kwa shida huku ampea zikionekana za kawaida. Pili, angalia kishikizo cha propela. Vile vya kubana shafti huteleza: mota inazunguka kwa kasi, propela inabaki nyuma. Chora mstari kwa kalamu kupita kwenye shafti na kishikizo, jaribu, kisha uone kama mstari umeachana. Skrubu ndogo inayoshika shafti ya mota nayo hulegea. Tone la gundi ya nyuzi za skrubu linaizuia.

Kama hayo ni sawa, soma wati. Ndege ya mazoezi inaridhika na wati 150 hadi 200 kwa kilo. Ya kupinduka na kuzunguka hewani inataka 220 na zaidi. Ukikuta wati 120 kwa kilo, ndege haiumwi, imepewa propela ndogo au seli chache.

Kisa kigumu zaidi ni cha mota iliyowahi kuchemka. Sumaku za kawaida za neodimi zinaanza kupoteza nguvu kwenye nyuzi 80 hivi, na nguvu hiyo hairudi zikipoa. Sumaku zikidhoofika, mota inataka kuzunguka kasi zaidi kwa kila volti, yaani namba yake ya Kv inapanda. Kwa propela ileile sasa inavuta ampea nyingi kuliko zamani, msukumo kwa kila wati unapungua, na inachemka zaidi. Mwenye ndege anasema mota imechoka. Imechoka kweli, na hakuna cha kuirekebisha. Namba zako za zamani za kipima wati ndizo zitakazokuonyesha: propela ileile, betri nzuri, ampea zimepanda, ndege imekuwa dhaifu.

Kinachemka

Gusa kila kitu ndani ya nusu dakika baada ya kutua. Mota unayoweza kuishika kwa sekunde tano iko salama. Usiyoweza kuishika hata sekunde moja imepita 60, na ndani ya koili ni moto zaidi.

Sababu kubwa ni propela. Mzigo wa propela unakua kwa kipenyo kipeo cha nne. Kutoka inchi 9 kwenda 10, upana wa jani na mteremko vikiwa vilevile, mzigo kwa kasi ileile unaongezeka karibu nusu. Inchi moja tu. Kuongeza seli ni vivyo hivyo: ndege iliyovuta ampea 25 kwa seli 3 inaweza kufika 40 kwa seli 4 na propela ileile, na ESC ya ampea 30 haitadumu. Anayeongeza seli apunguze propela kwanza, apime, ndipo aruke. Namba za kipimo cha chini huwa kubwa kidogo kuliko za hewani, maana ndege ikienda propela inapata nafuu, kwa hiyo kinachopita chini kwa usalama hewani kitapita.

Mota ikichemka na ampea ni ndogo, zungusha kwa mkono. Beringi iliyoingia mchanga inakwaruza na kulia kwa sauti nyembamba. Tone la mafuta mepesi linasaidia kwa muda, beringi mpya ndiyo tiba. Angalia kama kile kikombe cha nje kinachozunguka kinagusa koili: mstari wa mkwaruzo unaong'aa unamaanisha shafti imepinda au sumaku moja imebanduka gundi.

ESC ikichemka peke yake, tafuta hewa. Imefungiwa ndani ya sponji, au upepo unaingia puani na hauna pa kutokea. Tundu la kutolea hewa liwe kubwa kuliko la kuingizia. Na tafadhali, ukihitaji kurefusha nyaya, refusha za mota, usirefushe za betri. Waya mrefu wa betri huzalisha mapigo ya volti yanayochosha kapasita za ESC mpaka zipasuke. Ikibidi urefushe za betri, ongeza kapasita karibu kabisa na ESC.

Sevo zinasita, au rimoti inaipoteza ndege kwa sekunde moja

Sevo ni zile mota ndogo zinazosogeza usukani wa ndege. Zikisita, watu husema ni redio. Mara nyingi ni BEC. Ile ya aina rahisi inashusha volti kwa kuzigeuza kuwa joto: kutoka 12.6 kwenda 5, kila ampea moja inayokwenda kwenye sevo inaacha wati 7.6 za joto ndani ya ESC. Kwa seli 4 ni wati 11.8. Ikizidiwa inajizima, na ikizima, risiva nayo inalala.

Vua propela, chomeka maltimita kwenye tundu lisilotumika la risiva, kisha zungusha vijiti vyote kwa nguvu kwa dakika nzima. Volti ikishuka chini ya 4.5, una tatizo. Chomoa sevo moja moja. Ikiwepo inayonguruma hata ikiwa imetulia, waya wake wa kusukuma umekwama au gia imevunjika, na hiyo ndiyo inayokula umeme. Kama sevo zote ni nzima, weka BEC ya nje, na utoe pini ya waya mwekundu kwenye plagi ya ESC ili BEC mbili zisishindane.

Chaja inakataa betri

Chaja ikisema muunganisho umekatika, pima plagi nyeupe pini kwa pini. Betri ya seli 3 ina nyaya nne, na kila pini na jirani yake zinatakiwa zisome volti ya seli moja. Waya mmoja wa katikati ukikatika, seli mbili zinazoutumia zinasoma upuuzi huku jumla ikiwa sawa. Huo ni waya wa kutengeneza, seli hazina kosa.

Seli ikisoma chini ya 3.0 baada ya kupumzika, chaja nyingi zitaikataa. Kuna watu huidanganya chaja kwa kuiweka kwenye utaratibu wa NiMH, aina nyingine ya betri, ili isukume umeme. Usifanye. Utaratibu huo hauangalii seli moja moja wala haujui pa kusimama kwa lipo. Ikiwa kati ya 2.8 na 3.0, na imekaa hivyo siku moja tu, naijaza polepole kwa sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, kwenye utaratibu wa lipo, nje, juu ya sakafu ya saruji, nikiwa nimekaa hapo. Chini ya 2.5 siirudishi, kwa bei yoyote iliyonunuliwa.

Iliyovimba vilevile. Itoe kwenye ndege, ipeleke nje, iunganishe na taa ya gari ya volti 12 mpaka taa izime kabisa, uiache hivyo hadi kesho yake. Pima. Ikiwa sifuri, kata plagi waya mmoja baada ya mwingine, funga ncha kwa utepe, na uipeleke panapopokelewa betri chakavu. Zilizobaki nzima ziweke kwenye 3.80 hadi 3.85 kwa seli kama hutaruka ndani ya siku mbili tatu. Lipo iliyoachwa imejaa kwa wiki nyingi ndiyo itakayokukatia nguvu hewani mwezi ujao, huku ikisoma vizuri mezani.